Upande wa Bukuru

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali kwa sababu huwezi kulala namna nyingine, nianze na jambo ambalo mimi hakuna aliyenieleza mapema: mkojo wako utabadilika rangi. Utakuwa kama mawese yaliyotiwa maji. Usipige kelele. Mimi nilipiga, dada yangu akaja mbio na unga wa muhogo mikononi, akachungulia ndani ya ndoo, akaniuliza kama naoza. Nikamjibu nafikiri ndiyo. Tulikaa na wazo hilo mpaka siku ya kwenda kuchukua dawa tena, nesi alipocheka na kusema ni dawa tu inapita.

Habari za vijidudu sitaandika. Niliishia darasa la tano, na wanaozijua wapo. Nitaandika siku zinavyokwenda, maana mimi nilipoanza hicho ndicho nilichotaka kujua na hakuna aliyekuwa na muda wa kunisimulia.

Nilikuwa mtu wa njia. Shule niliiacha kwa sababu ya lori la chumvi lililotoka Uvinza. Lilipata pancha karibu na darasa letu, nikaenda kutazama wanavyovua tairi, dereva akaniuliza kama nimewahi kuona chumvi inavyochemshwa, nikapanda. Baada ya hapo nimebeba mizigo sokoni Munanila, nimezunguka vijijini kununua muhogo kwa niaba ya tajiri mmoja wa Kasulu, nimekuwa utingo, nimechoma mkaa, nimefyatua tofali. Kazi yoyote nikishaelewa inavyokwenda, miguu inaanza kuniwasha. Watu waliniita mvivu. Mvivu hatembei kama nilivyotembea mimi.

Ugonjwa ulinikuta Makere, kwenye tofali. Mgongo ulianza kuuma, na kwa kuwa kila mfyatua tofali anaumwa mgongo, hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Wenzangu walinikanda kwa mawese ya moto. Mmoja alisema ni figo, mwingine akasema ni baridi ya udongo, wa tatu akasema nimeruka kitu njiani bila kujua. Nilikandwa tangu mavuno ya maharage mpaka kiangazi kikakauka kabisa. Jasho lililonilowesha kila nilipolala nililaumu blanketi. Halafu asubuhi moja niliinama kunyanyua kibao cha tofali, kibao kikanyanyuka, miguu ikabaki chini kama si yangu.

Basi kama mgongo wako unauma hata ukiwa umepumzika, kama suruali inakuvuka kila mwezi na hujafunga, kama kuna kigongo kinaota katikati ya uti, acha kukandwa. Nenda hospitali.

Mimi nilipelekwa Kasulu kwa bodaboda, nimebanwa katikati ya dereva na mwenzangu aliyenishika nisianguke. Pale hospitali kulikuwa na korido ndefu yenye benchi za mbao pande zote mbili, na watu wamejaa. Mimi sikuweza kukaa. Nililala sakafuni, na waliokuwa wakipita walinivuka, wengine wakisema samahani, wengine hawasemi. Mama mmoja mnene alivua kitenge chake cha juu, akakikunja mara kadhaa, akakisukuma chini ya kiuno changu bila hata salamu, kisha akarudi kukaa. Alipoitwa akaingia chumbani, akatokea mlango wa upande wa pili, hakurudi kukichukua. Ninacho mpaka leo.

Waliniambia ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nikasema lakini sikohoi. Daktari akasema hiki hakihitaji ukohoe. Dawa mwaka mzima, akasema, na mkanda mgumu wa kiunoni, na kulala. Nikamuuliza kama nitatembea. Akasema tutaona. Nimeuliza maswali mengi maishani lakini jibu hilo ndilo gumu kuliko yote niliyopewa.

Bukuru ndiye aliyekuja kunichukua.

Bukuru ndiye dada yangu, pacha wangu. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na huyo Butoyi ni mimi. Mama yetu alifuata mambo ya mapacha bila kukosa. Kitu kimoja hakikuingia nyumbani kwake, viliingia viwili vinavyofanana. Waha wengi wanaamini pacha akipunjwa mbele ya mwenzake mwili wake unajua, na unaugua. Kwa hiyo mmoja akichapwa, mwingine aliguswa fimbo kidogo ili asijione ametengwa. Mmoja akishikwa na malaria, mwingine alilambishwa klorokwini. Mgonjwa wa mara kwa mara nilikuwa mimi, hivyo Bukuru amemeza uchungu mwingi usiomhusu.

Ameolewa Kibondo, nje kidogo ya mji. Mume wake, Desderi, ni seremala, na siku nyingi yuko Kakonko kwenye majengo. Anarudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani wanabaki Bukuru na mama mkwe wake, ambaye kila mtu anamwita Mama Desderi. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa huku, akazeekea huku, ni raia kama mimi, lakini akikasirika Kiswahili kinamkimbia na Kirundi kinashika usukani. Bukuru na Desderi hawajapata mtoto. Jambo hilo halikuwa likisemwa, ila lilikaa nao mezani kila siku.

Sasa fikiria mwanamume mzima anaingizwa kwenye nyumba hiyo kwa kubebwa, kulala chumba cha mbele, kuogeshwa na dada yake. Mara ya kwanza alipoleta beseni nilimwambia aondoke, nitajiogesha. Akaliweka chini, akatoka, akasimama mlangoni akinisikiliza nikihangaika na sabuni, kisha akarudi. "Tulilala tumbo moja," akasema. "Geuka." Nikageuka. Tangu siku hiyo hatukulizungumzia tena, lakini kwa wiki nyingi nilikuwa nikifumba macho mpaka amalize.

Mama Desderi aliposikia habari za dawa aliuliza swali moja tu: na Bukuru amepewa zake? Nesi akamweleza kwamba dawa hizi si pipi, asiye mgonjwa hamezi, na ugonjwa wa mgongo hauambukizi hewani. Aliitikia ego, ego, kwa heshima. Hakuridhika. Alianza kunisalimia akiwa mlangoni, "mwakeye," halafu anapita. Chakula changu kilikuwa na sahani yake ya kutengwa. Sikumlaumu. Alikuwa anamlinda mkwe wake, na njia anazojua ni hizo.

Kitanda changu kiliwekwa dirishani. Nje ya dirisha palikuwa na uwanja mtupu ambapo Desderi alikuwa akipanga mbao zake. Miaka yote macho yangu yalizoea kitu kipya kila siku, sasa yakapewa vumbi na kuku wawili. Nilimwambia Bukuru kwamba mgongo hautaniua, kitakachoniua ni huo uwanja.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka. Kesho yake alitokea pale nje na jembe. Alilima mpaka jua likawa kali, kisha akapigilia vigingi viwili na kuvuta kamba ya katani katikati.

"Huku kwako, kule kwangu," alisema kupitia dirishani.

"Nitalima na nini?"

"Una mdomo. Utanielekeza."

Nikaelekeza. Nilikuwa sijui chochote, kwa hiyo ilibidi nijifunze, na kujifunza ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado naweza. Kila aliyekuja kunijulia hali nilimuuliza: mbolea ya mbuzi na ya ng'ombe, ipi inaunguza? Kwa nini kitunguu hakipendi kivuli? Niliomba niwekewe udongo wa kila tuta kiganjani, niufinye. Bukuru alisema ananifuga kama ofisa kilimo aliyevunjika. Upande wangu tulipanda mchicha, maharage na nyanya chungu. Upande wake tukapanda vilevile, mstari kwa mstari.

Maharage yalitangulia. Kama hujawahi kuyatazama yakitoka, jaribu. Hayatoki yamenyooka. Yanatanguliza mgongo. Unaona kitu kimekunjika kinasukuma udongo, kichwa bado kimenasa chini, kinahangaika, na saa zinapita, unahisi hakitaweza. Halafu unapitiwa na usingizi kidogo, ukiamka kimesimama. Nilitazama mstari mzima ukifanya hivyo. Nilifurahi na niliona wivu, vyote kwa pamoja, nikauvuta mkanda wangu wa kiunoni nikiwa na hasira na maharage.

Mama Desderi alitazama bustani hiyo kwa siku kadhaa. Kisha akaja kutoka kwenye migomba yake akiwa na machipukizi mawili kichwani. Aliyapima kwa mkono, akakata la kwanza kidogo yalingane, akapanda moja upande wangu, moja upande wa Bukuru, kila moja likiwa mbali na kamba sawasawa. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba mimi ni mtu wa kupita, mgomba wangu utanikosa. Akajibu bila kugeuka kwamba mgomba hauulizi aliyeupanda yuko wapi, na kwamba hakuupanda kwa ajili yangu. Aliupanda ili Bukuru asiwe na cha peke yake.

Nilimeza vidonge, mvua ikanyesha, mchicha ukachumwa. Mwili wangu ulianza kurudi taratibu, tena kwa sehemu zisizo na maana: kucha zikakua, nywele zikawa nyeusi tena, njaa ikaja na adabu mbaya. Miguu haikuja. Ile mvua ilipokatika, kipindi cha jua katikati, vidonge vilipunguzwa kukawa na vichache zaidi, na siku moja nikiwa namtazama panzi akila jani la maharage upande wangu, nikaona kidole gumba cha mguu wa kulia kimesogea chini ya shuka. Nilimsahau panzi. Nilikiamuru tena, kikakaa. Nikakiomba, kikasogea. Bukuru aliposimuliwa alikaa ukingoni mwa kitanda akakitazama kidole hicho mpaka ugali ukaungua.

Masika ilipoingia vizuri bustani ilikuwa haishikiki. Palikuwa pameshapandwa mara ya pili. Migomba ilikuwa imepita kimo cha dirisha, majani yake yakipigana na upepo, na mvua ikianguka ilitoa mlio kama watu wanapiga makofi mbali. Nilikuwa najua kila jani. Siwezi kueleza raha ya kitu hicho kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja. Nilikuwa nimeona vitu vingi vikiwa tayari vimekua, soko limejaa, shamba limezaa, mji umejengwa, lakini sikuwahi kuona kitu kikikua tangu mwanzo.

Ndiyo maana niliona.

Kwanza niliona magugu upande wa Bukuru. Upande wangu ulikuwa safi kama umefagiliwa, wake ukawa na majani marefu kati ya mistari. Kisha mgomba wake ukaachwa na majani makavu yananing'inia, wangu umekatiwa. Nikamwambia asinidekeze, agawe kazi sawa. Akacheka, akasema wa kwake utasubiri. Mama Desderi naye aliona, na yeye hakucheka. Alimgombeza pale pale bustanini, kwamba pacha hajipunji mwenyewe namna hiyo, anaita kitu. Bukuru akaitikia ndiyo Mama, kesho yake ikawa vilevile.

Basi nikaanza kumtazama yeye badala ya mimea. Asubuhi alianza kwangu, akiwa na nguvu. Akimaliza alivuka kamba, akalima kidogo, akasimama. Akaegemea mpini. Kisha akageuka, akanipa mgongo, na mabega yake yakatikisika.

Nilidhani analia. Nilidhani ni Desderi, au ni yale yasiyosemwa mezani, au ni kunichoka mimi. Siku kadhaa nilimwachia kilio chake, nikiangalia pembeni kila anapogeuka. Nilifikiri huo ndio ustaarabu. Halafu siku moja mvua ilimkuta pale, akakimbilia chini ya mgomba wake, na kwa kuwa mvua ilikuwa na kelele hakujibana. Nikamsikia.

Alipoingia kuleta chai nikamuuliza anakohoa tangu lini.

"Vumbi hilo," akasema.

"Vumbi la wapi? Imenyesha wiki nzima."

Akaweka kikombe. Sasa kwa kuwa namtazama kweli nikaona mifupa ya shingo yake, na kanga imemzunguka kiunoni zaidi ya ilivyozoea. Nilikuwa nimelijua kila jani la nyanya chungu pale nje, lakini dada yangu sikuwa nimemwona.

"Walituuliza Kasulu nani nyumbani anakohoa," nikasema. "Ulisema hakuna."

"Wakati ule hakukuwa."

"Na sasa?"

"Butoyi, nisikilize. Nikienda wakinikuta nao, Mama atasema ni wewe. Desderi atasema ni wewe. Watakutoa humu. Utakwenda wapi na miguu hiyo? Maliza dawa zako kwanza. Ukisimama tu, naenda."

"Nisimame nikute umelala?"

"Tukilala wote wawili, nani atatupikia?" Alijaribu kutabasamu, kikohozi kikamkamata, akatoka nje haraka.

Nilikaa na jambo hilo mpaka jioni. Bukuru alikuwa ameniomba kitu kimoja tu tangu anibebe kutoka Kasulu. Na kweli sikuwa na pa kwenda. Niliorodhesha kichwani kila mtu niliyewahi kufanya naye kazi na sikuona hata mmoja ambaye ningemtumia ujumbe niseme njoo unichukue. Desderi alikuwa Kakonko. Aliyebaki ni yule yule ambaye Bukuru alikuwa anamwogopa.

Mama Desderi alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwita. Alikuja akasimama mlangoni kama kawaida yake.

"Mama," nikasema, "Bukuru anakohoa. Anaficha ili nisifukuzwe."

Alinitazama. Ungo ulikuwa bado mkononi mwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote ambayo mtu anaweza kuambiwa, nikawa nimeyapangia na majibu. Badala yake aliingia ndani ya chumba, mara ya kwanza tangu niletwe, akapita kitanda changu, akasimama dirishani akatazama nje: upande wangu, kamba, upande wa Bukuru. Alitazama sana.

"Yoo," akasema polepole. "Nami nilimgombeza."

Asubuhi Bukuru alipochukua jembe, mama mkwe wake alikuwa tayari amejifunga kitenge cha kutokea. "Vaa viatu," akamwambia.

"Mama, nina kazi."

"Kazi iko pale. Haitakimbia. Vaa viatu."

Bukuru alinitazama kupitia dirishani. Sitalisahau jicho lile. Kisha akaegemeza jembe ukutani akaenda kuvaa viatu.

Siku hiyo walirudi jioni. Alikuwa ametoa makohozi, ameambiwa arudi kesho kwa majibu. Hakuingia chumbani kwangu. Chakula aliniletea Mama Desderi, akakaa kwenye kigoda mpaka nikamaliza.

Kesho yake wakaenda tena. Nimesubiri kwenye korido za hospitali, lakini hakuna niliyoiona ndefu kama chumba kile. Mvua ilikuwa imekatika, kila kitu nje kinang'aa. Magugu ya upande wa Bukuru yalikuwa yameanza kutoa maua. Niliyatazama mpaka nikayachukia. Chini ya kitanda kulikuwa na gunia tupu. Nikalivuta, nikalitandika sakafuni, nikajishusha juu yake, nikakaza mkanda, na kwa viwiko nikajivuta mlangoni, nikashuka kizingiti, nikapita ukutani nikachukua kijembe kidogo cha mpini mfupi. Sijui nilitumia muda gani. Udongo ulikuwa laini na ulinivuta. Nilifika kwenye kamba, nikaipita chini kwa tumbo, nikaanza kung'oa.

Sikusudii kukuambia ufanye hivyo. Nesi alinifokea vya kutosha baadaye, na mgongo ulinilipisha wiki nzima. Nakuambia tu kilichotokea.

Waliporudi walinikuta nimelala ubavu kati ya mistari, tope mpaka masikioni, siwezi kurudi. Nilikuwa nimemaliza mistari miwili na kipande. Mama Desderi alianza kusema kitu kwa Kirundi, akaachia katikati, akaketi chini pale pale kwenye majani. Bukuru alisimama juu yangu. Alikuwa amefunga kitambaa mdomoni. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo, akautikisa, nikasikia mlio ninaoujua.

"Nimepata zangu," akasema. "Rangi ile ile."

Nilijifuta tope machoni.

"Mama yetu angefurahi," akasema nyuma ya kitambaa. "Tumegawiwa sawa."

Wa kwake ulikuwa wa mapafu. Nilimuuliza nesi kama ni mimi niliyempa. Akasema huo wangu hauruki hivyo, pengine wote wawili tuliuvuta mahali pamoja zamani, pengine yeye alikuwa nao kabla yangu, hakuna anayeweza kujua. Nimelifikiria jibu hilo kwa kila upande. Ukipewa kama hilo, ushauri wangu ni ulipokee. Halina mlango wa pili.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Bukuru alilala chumba cha nyuma, dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Dawa zilimtapisha. Alikonda mpaka pete ikaanguka kwenye maji ya vyombo. Desderi alikuja mwisho wa mwezi, akasimama uani, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alijenga nyumba, hakujenga wodi, na kwamba kuna mmoja hapa mwenye kwao. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeanza kukunja kitenge changu cha Kasulu, ambacho ndicho mzigo wote niliokuwa nao.

Mama yake alimjibu kutoka jikoni, bila kupandisha sauti. "Mkeo anahitaji mtu wa kumtazama akimeza, kila siku. Wewe utamtazama kutoka Kakonko?"

Desderi aliingia ndani kulala. Asubuhi aliondoka. Aliporudi mwezi uliofuata alikuwa ameleta fimbo mbili za mninga, moja ndefu, moja fupi, zimepigwa msasa vizuri. Alizisimamisha karibu na kitanda changu, akasema zilibaki kazini.

Basi ikawa hivi: asubuhi Bukuru alikaa barazani, mimi mlangoni, kila mmoja na vidonge vyake na kikombe chake. Mimi namtazama yeye, yeye ananitazama mimi. Tulimeza pamoja. Kisha nilipanda gunia langu nikaenda bustanini. Nilipalilia upande wake kwanza. Mama Desderi aliacha kunitengea sahani, sijui lini hasa. Siku moja niliona tu zote zinafanana.

Kiangazi kilipokuja nilikuwa nikisimama kwa fimbo zote mbili, baadaye kwa moja. Kigongo kimebaki. Nikitembea naonekana kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na nyayo zangu bado hazihisi vizuri kama ni mchanga au jiwe. Dawa zangu zilikwisha kabla ya mvua. Za Bukuru zilikwisha mvua zilipoanza. Walimpima makohozi tena, wakasema safi. Wakati huu tulikwenda watatu, na mimi nilikaa kwenye benchi.

Mgomba wangu ulikuwa umetoa mkungu wakati ule wa ukame. Wa Bukuru, kwa vile ulikaa na magugu, ulichelewa. Sasa wangu umejaa, ndizi za juu zimeanza kupasuka na ndege wamejua, lakini Mama Desderi amekataa usikatwe. Mikungu yote miwili itakatwa siku moja au haikatwi. Dereva mmoja ninayemfahamu, wa malori ya chumvi, alinipigia simu juzi. Anataka mtu wa kukaa mbele na kusimamia mizigo, hakuna kubeba. Akaniuliza kama nimepona. Nikasema nimepona. Akauliza sasa nasubiri nini. Nilimwambia anipigie ndizi za Bukuru zikikomaa, akafikiri namtania.

Jana nilichukua lile gunia nililokuwa nikijivutia chini, nikaliosha, nikauvika mkungu kwa sababu ya ndege, nikalifunga kwa kipande cha ile kamba ya katani iliyokuwa ikigawa bustani. Nilipomaliza nikakaa kwenye kivuli. Bukuru alikuwa ng'ambo anapalilia upande wake mwenyewe. Akasimama. Akaegemea mpini. Akageuka akanipa mgongo, na mabega yake yakatikisika.

Sikumbuki kuitafuta fimbo. Nilikuwa nimeshavuka pale ilipokuwa kamba, nimemshika mkono, nimemgeuza. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alinyoosha kidole kwenye mgomba wangu, umeinamia mbele na mzigo wake, umefungwa gunia kiunoni kama mkanda wangu.

"Butoyi," akasema alipoweza, "umejipanda."

Nilisimama pale nikimsikiliza mpaka mwisho, mpaka alipovuta pumzi ndefu, safi, na kuanza kucheka tena.